Siku Nungunungu Alipochelewa Kutoka Ikulu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Mmeitika kama wagonjwa. Na ninyi wakubwa huko nyuma, nawasikia mnapiga soga zenu, mnadhani ngano ni ya watoto. Hii ni yenu pia, tena ni yenu zaidi. Haya, tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipiga kura na kuzihesabu wenyewe, palikuwa na nchi ikiitwa Majanimarefu. Nchi hiyo ilikuwa na Ikulu. Na Ikulu yenyewe ilikuwa shimo. Ndiyo, shimo. Mnacheka nini? Lilikuwa shimo chini ya kichuguu kikubwa, lililochimbwa na muhanga mmoja wa kale, na mlango wake ulikuwa mmoja tu. Nyuma ya kichuguu, juu, palikuwa na tundu la hewa, upana wake kama muhogo. Basi. Hiyo ndiyo Ikulu.

Ndani ya Ikulu aliishi Rais Nungunungu. Siku alipoapishwa aliingia kichwa mbele, kifua mbele, kwa ngoma na vigelegele, kama ilivyokuwa desturi. Alikuwa mwembamba siku hizo. Wanyama walimpenda. Wakawa wanamletea viazi, wanamletea mihogo, wanamletea karanga. Wanavitumbukiza kwenye tundu la hewa. Pu! Pu! Pu! Vinamwangukia mdomoni.

Mwanzoni Nungunungu alitoka kila jioni kuwasalimu watu wake. Halafu akawa anatoka mara mojamoja. Halafu zikawa zinatoka amri tu, yeye hatoki. Mkiniuliza haja alikwenda wapi, sijui. Hadithi hii haina choo.

Ikaja siku ya kura. Wanyama wakapanga mstari, mrefu, mpaka mtoni. Kura zikahesabiwa. Nungunungu akashindwa. Akashinda Bi Ngiri, mama wa vitoto vingi, mwenye meno yaliyopinda na mkia usiojua kutulia. Maana Ngiri akiwa na wasiwasi, mkia wake husimama wima, twaa! Hata akiwa amelala, akiota ndoto mbaya, mkia unasimama.

Siku ya kumwapisha ikafika. Sasa sikilizeni desturi yao, maana bila desturi hii hadithi haiendi. Mle shimoni ilikaa Pembe ya Nchi. Rais anayeondoka hutoka nayo, akaipuliza mbele ya watu wote, akamkabidhi mpya. Mpya naye akaipuliza, akaapa, akaingia. Hapo nchi imebadili mkono. Lakini jua likizama na Pembe haijatoka, aliyemo ndani anaendelea kutawala mpaka kura nyingine. Ndivyo walivyoacha wazee, na wazee hawakuacha maelezo.

Basi asubuhi na mapema uwanja ukajaa. Walikuja pundamilia, wakaja swala, wakaja nyani na kelele zao. Wakaja wageni waalikwa, Mbuni kutoka nchi ya mchanga, Mamba kutoka nchi ya matope. Upande wa kulia walisimama wafuasi wa Bi Ngiri, na mkubwa wao alikuwa Nyati, mwenye shingo nene na hasira za karibu. Upande wa kushoto walisimama walinzi wa Nungunungu, na mkubwa wao alikuwa Nyegere, mfupi, mkali, asiyejua kurudi nyuma. Katikati akasimama Korongo, mkuu wa sherehe, miguu mirefu, shingo juu, anajua nani akae wapi na nani apige makofi lini.

Bi Ngiri alipakwa mafuta. Akavishwa shada la maua. Korongo akamwambia, "Mheshimiwa, leo usiguse vumbi. Goti lako lisiguse chini mpaka uapishwe. Na huo mkia, tafadhali, ushushe."

"Nimeushusha, Bwana Korongo."

"Umesimama tena."

"Unasimama wenyewe, baba. Nifanyeje?"

Ngoma zikapigwa. Ndu! Ndu! Ndu! Kila mtu akatazama mlango wa shimo. Ngoma zikanyamaza.

Kimya. Hakutoka mtu.

Ngoma zikapigwa tena. Ndu! Ndu! Ndu! Kimya.

Korongo akainama mlangoni, akasafisha koo. "Hodi! Mheshimiwa Rais, watu wako tayari."

Sauti ikatoka ndani, nzito, ya mbali. "Nakuja."

"Anakuja!" akatangaza Korongo. Watu wakashangilia. Wakaanza kuimba:

*Toka, toka, jua linakwenda!*
*Toka, toka, Pembe twaingoja!*

Wakaimba, wakangoja. Jua likapanda. Vumbi likawa la moto. Vitoto vikaanza kulia. Swala wakawa wanainua mguu huu, wanashusha huu. Korongo akainama tena. "Hodi, Mheshimiwa!"

"Nakuja."

"Anakuja," akatangaza Korongo. Safari hii walioshangilia walikuwa wachache. Mamba ngozi ikaanza kumpasuka kwa jua. Akaaga, akasema atatuma salamu za pongezi kutoka majini.

Bi Ngiri akasimama, akaketi, akasimama. Alikuwa amewaahidi wanyama mambo mengi, kama wagombea wote wanavyoahidi, lakini kubwa lilikuwa moja: siku hiyo haitamwagika damu. Sasa anatazama kulia, Nyati anaparura ardhi kwa kwato. Anatazama kushoto, Nyegere ameonyesha meno. Na mbele kabisa, kati ya pande hizo mbili, wameketi watoto wake kwenye mkeka, wamevaa maua, wanamtazama yeye. Mkia, twaa!

Jua likapita utosini. Wimbo ukarudi, lakini haukuwa wimbo tena. Ulikuwa unapigwa kwa miguu:

*Toka! Toka! Jua linakwenda!*
*Toka! Toka! Pembe twaingoja!*

Mara kutoka shimoni ikasikika: *Vuuuu!* Ikanyamaza. *Vuuuu!*

Uwanja mzima ukaruka.

"Pembe!" akanguruma Nyati. "Mmesikia? Anapuliza Pembe ndani! Anasema yeye bado ni rais!"

"Na ni rais!" akajibu Nyegere. "Mpaka jua lizame ni rais, na likizama ni rais zaidi! Anayebisha asogee!"

Halafu ikasikika miiba. Chaka-chaka-chaka! Halafu kitu kikakwaruza, kwaruu, kwaruu, halafu tena chaka-chaka-chaka!

"Anatutishia kwa miiba!" wakapiga kelele nyani. Mawe yakaanza kuokotwa. Mbuni, mgeni wa heshima, akatafuta mahali pa kuficha kichwa.

Nyati akamsogelea Bi Ngiri, akamnong'oneza. "Dada, nisikilize. Shimo lina mlango mmoja. Tuzibe kwa lile jiwe pale, na tundu la hewa tulizibe kwa udongo. Hana hewa ya kutosha humo, kabla ya jua kuzama atakuwa amekwisha. Rais akifa, Pembe ni ya aliyechaguliwa. Tutasema alikataa kutoka. Na si kweli? Si amekataa?"

Nawaambieni ukweli, kwa sababu ngano haifichi. Bi Ngiri alilitazama lile jiwe. Lilikuwa jiwe zuri, lenye upana wa mlango kabisa. Akalitazama jua. Akaona ingekuwa rahisi. Akalitazama tena jiwe, akajichukia.

"Ngoja kwanza, kaka," akasema. "Nikamsemeshe."

"Umsemeshe? Wewe? Anayepiga hodi leo ni Korongo peke yake!"

"Basi sitapita mlangoni."

Akazunguka kichuguu, shada shingoni, mkia juu. Korongo anamfuata nyuma, "Mheshimiwa, haiko kwenye ratiba! Mheshimiwa!" Bi Ngiri akapanda mpaka kwenye tundu la hewa, lile la mihogo, akaweka mdomo.

"Hodi, Mzee."

Kimya.

"Hodi, Mzee. Shikamoo."

Halafu sauti ikasema, taratibu, si ya kirais hata kidogo, "Marahaba, mwanangu. Ni nani?"

"Ni mimi, Ngiri."

"Aa. Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kukuuliza. Watu wameshika mawe, Mzee. Kwa nini hutoki?"

Nungunungu akashusha pumzi. Vumbi likapanda tunduni. "Unadhani nimekataa? Sijakataa. Siwezi. Niliingia humu kichwa mbele, nikiwa mwembamba. Nimekula, nimenenepa, sasa kugeuka sigeuki. Tangu alfajiri natoka kwa kurudi nyuma. Na miiba yangu imelala kuelekea nyuma. Nikisukuma, inachoma ukuta. Nikisukuma tena, inazama zaidi. Nimekwama, Ngiri. Nimekwama kama kizibo kwenye kibuyu."

"Na Pembe uliyopuliza?"

"Nilikuwa naomba msaada."

Bi Ngiri akafumba macho. "Huko nje wamesikia vita, Mzee. Kwa nini hukusema kwa mdomo?"

"Niseme nini? Rais mzima niseme nimekwama? Na ukiwaambia wanivute, nitatoka makalio kwanza. Mbele ya wageni. Mbele ya watoto. Hilo ndilo watakalolikumbuka. Watasahau mvua niliyowaombea, watasahau mito niliyoifungua, watayakumbuka makalio. Nizibieni humuhumu, afadhali."

Na hapo Bi Ngiri akaelewa jambo jingine, likamsikitisha. Uso wa Nungunungu ulikuwa huku nyuma, chini ya tundu la mihogo. Kwa hiyo miaka yote ile aliyokuwa hatoki, kila walipokuja mlangoni kumlilia shida zao, walikuwa wanaulilia mgongo. Na yeye aliwajibu kwa mgongo, bila kuona sura zao.

"Mzee," akasema, "hutatoka makalio kwanza. Utatoka uso kwanza. Nachimba huku."

Bi Ngiri akavua shada. Akapiga magoti, maana ngiri hachimbi amesimama, ngiri anachimba kwa magoti. Magoti yake yaliyopakwa mafuta yakazama kwenye vumbi. Korongo akafunika macho kwa bawa.

Loo! Kelele zilizopanda hapo!

"Anamsujudia!" wakalia wa kulia. "Tumemchagua, naye anampigia magoti Nungunungu! Ametuuza!"

"Anamfukua!" wakalia wa kushoto. "Anamfukua amuue!"

Nyegere hakungoja kuambiwa. Alikuja mbio, akaruka, akamng'ata Bi Ngiri begani. Damu ikatoka. Watoto kwenye mkeka wakapiga ukunga. Nyati akainamisha pembe aje kumpasua Nyegere, na nyuma ya Nyati waliinama wengine, na nyuma ya Nyegere walikuja wengine.

"Nyati, simama!" akapiga kelele Bi Ngiri. "Damu ni yangu na mimi nimeisamehe! Nyegere, acha bega langu, weka sikio tunduni! Ukisikia uongo, rudi uling'ate tena!"

Nyegere akaachia. Akaweka sikio. Na sauti ya mkubwa wake ikamjia kutoka chini, ikisema, "Nyegere mwanangu. Mwache achimbe. Nimekwama tangu asubuhi."

Siku zote Nyegere alisimama mlangoni kumlinda, lakini mlinzi hutazama nje. Hakuwahi hata siku moja kugeuka kutazama ndani. Machozi yakamtoka, yule mkali, hadharani. Akaanza kuchimba kando ya Bi Ngiri. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Wakachimba. Jua linateremka. Udongo wa juu ukatoka, ukafuata udongo wa kichuguu wenyewe, ule uliojengwa na mchwa, mgumu kuliko jiwe. Kucha za Nyegere zikavunjika. Jino moja la Bi Ngiri likapasuka, ka! Chini wanasikia Nungunungu anahema, na juu yao jua limeshagusa milima.

Bi Ngiri akageuka. "Kaka Nyati. Pembe zako."

Nyati alikuwa amesimama, povu mdomoni. "Pembe zangu nimfungulie huyu? Huyu aliyeninyima malisho? Niliulilia mlango huu mpaka sauti ikakauka! Aozee humo!"

"Alikunyima, kaka. Sikatai. Lakini leo ni kwake, kesho ni kwangu. Shimo ni hilihili. Mkimzibia yeye, mimi nitaingia humo nikijua kwamba wanaokwama huzibiwa. Na nikijua hivyo, nami siku yangu ikifika, unadhani nitatoka?"

Nyati akainua kichwa. Akatazama jua. Akatazama jiwe alilolichagua. Akasonya kwa nguvu, mpaka vitoto vya mbele vikatabasamu katikati ya machozi. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa, akaja.

*Puuu!*

Kichuguu kikatikisika. Akarudi, akaja tena. *Puuu!* Ufa ukafunguka. Bi Ngiri na Nyegere wakaupanua, huyu kwa meno, huyu kwa kucha. Na hapo, katika mwanga wa jua la mwisho, kikatokea kipua. Kikafuata kichwa, kina mvi na vumbi. Miiba ikalala yenyewe, haikukwaruza kitu, maana mwenyewe sasa alikuwa anakwenda mbele. Nungunungu akatoka uso kwanza, Pembe ya Nchi kinywani.

Akasimama. Akapepesa macho. Akawatazama watu wake, upande huu mpaka upande ule.

"Kumbe mmekuwa wengi hivi," akasema. "Na mmekonda."

Mawe yakaanza kushushwa, moja moja, kimyakimya. Na Nungunungu akaona aibu, akasema, "Nilikuwa sioni. Nisameheni." Akaipuliza Pembe. *Vuuuu!* Akamkabidhi Bi Ngiri. Ukingo wa jua ulikuwa bado mwekundu juu ya mlima. Bi Ngiri akapuliza, bega linavuja, jino limepasuka, magoti yana vumbi. *Vuuuu!*

Wakashangilia! Nyani wakashangilia, pundamilia wakashangilia, hata Mbuni akatoa kichwa akauliza kumetokea nini. Korongo akamwapisha haraka haraka, na Bi Ngiri akaongeza maneno yake mwishoni: "Na nikiambiwa toka, nitatoka."

Ikabaki kuingia. Korongo akanyoosha bawa kuelekea mlango mkubwa. "Sasa, Mheshimiwa. Kichwa mbele, kifua mbele."

Bi Ngiri akaenda mpaka mlangoni. Akageuka. Akalipa shimo mgongo, akawapa watu uso. Akaanza kuingia kinyumenyume.

Vicheko! Wengine walicheka, wengine waliona haya. "Mheshimiwa!" akalia Korongo. "Unaingiza makalio Ikulu!"

"Bwana Korongo, kwetu sisi ngiri ndivyo tunavyoingia nyumbani. Makalio hayana kazi ya kuona. Uso wangu ubaki huku, niwaone wanaokuja kunililia. Na mlango niuone kila siku, nisije nikasahau uliko." Akaingia, akaingia, mpaka kikabaki kichwa. "Na lile tundu la nyuma tulilolichimba leo, lisizibwe. Mihogo ninayotaka, nitatoka niifuate mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kama mngepita Majanimarefu jioni, mngemkuta Rais shambani, amepiga magoti, anachimbua mizizi kama wengine. Alikosea mambo, ndiyo. Nyati aligombana naye kila msimu. Lakini aligombana na uso.

Miaka ikapita. Kura zikapigwa, Bi Ngiri akashindwa. Siku ya kumwapisha mpya ikapangwa. Wanyama hawajasahau, jamani. Walikuja na mikeka. Walikuja na vyungu, kuni, maharage, maji ya siku nzima. Nyegere alikuja amenoa kucha. Nyati alikuja amejipaka mafuta kwenye pembe. Mzee Nungunungu, mwembamba tena, akaketi mbele kati ya wageni. Kila mmoja alikuwa anakumbuka ile siku, na kila mmoja alikuwa anajiandaa kuimba *Toka, toka*.

Ngoma ikapigwa. Ndu!

Moja tu. Haikufika ya pili. Bi Ngiri alikuwa ameshatoka, Pembe kinywani, mkia juu, twaa! Akaipuliza, akaikabidhi, akawasalimu wazee, akawakusanya wajukuu wake, akaenda zake. Umande ulikuwa bado majanini. Wimbo hakuna aliyeuanza. Na maharage, wenzangu, maharage yalikuwa hayajachemka.

Basi na mafunzo yake ni haya, nayasema waziwazi ili mtu asije kusema hakusikia. Kuingia kwenye cheo kila mtu anajua, maana kuna ngoma. Kazi ni kutoka. Anayeingia aingie akiutazama mlango na akiwatazama watu. Na aliye nje asimzibie aliyekwama, amchimbie atoke na uso wake, kwa sababu kesho aliyekwama huenda akawa yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami natokea mlango uleule nilioingilia. Asiyeuona mlango wake, amwambie jirani amwonyeshe kabla hajanenepa.